Upinde Huchaguliwa, Haubahatishwi



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli, nalo limemlenga mvivu asimamaye penye mipini tangu asubuhi hata adhuhuri, ili jua limpite na shamba libaki vile vile. Lakini wahenga hawakukataza kuchagua. Mpe mtu jembe zito kuliko mikono yake, naye atalima tuta moja kisha atakaa kitako. Kuchagua chombo kwa kipimo ni sehemu ya kazi yenyewe. Kuchagua kwa tamaa ni jambo jingine. Na kuifumba akili ukaiachia bahati ikuchagulie, hilo ni jambo la tatu, na ndilo baya kupita yote.

Jambo hili nataka kulieleza leo kwa habari ya upinde. Wala si upinde wa mti, bali upinde wa ndani ya simu. Najua baadhi ya wazee wenzangu watauliza mwalimu wa chuo amepatwa na nini. Nawaomba wasome mpaka mwisho, kwa kuwa upinde huo umo majumbani mwetu, nao hununuliwa kwa fedha za kweli.

Mchezo wenyewe waitwa Genshin Impact. Ulitolewa mwezi wa Septemba 2020 na kampuni ya miHoYo ya mjini Shanghai, katika nchi ya China. Huchezwa kwa simu au kwa kompyuta kwa njia ya intaneti. Mchezaji huingia katika nchi ya kubuni, huongoza kundi la mashujaa wanne, hupigana na maadui, hufumbua mafumbo, na kidogo kidogo mashujaa wake huongezeka nguvu. Silaha zilizomo ni za namna 5, na mojawapo ni upinde. Mpiga mishale wa kwanza ni msichana aitwaye Amber, ambaye kila mchezaji hupewa bure mwanzoni mwa hadithi. Kumpata yeye si kazi. Kazi ni kumtafutia upinde unaomfaa, maana zimo pinde nyingi, na kila mmoja una tabia yake.

Mimi niliyajua haya kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17, aliyekuja kukaa nami likizo ya katikati ya mwaka. Ikonda yetu iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huwarudisha watu nyumbani mapema. Wageni wengi walijuao jina la Ikonda walijua kwa ajili ya hospitali. Kijana wa mjini akija hapa bila mgonjwa wa kumtazama, huona siku ni ndefu. Huyu wetu hakuwa mvivu. Mchana alibeba magunia ya viazi kwa ujira, na kila apatacho aliniwekea mimi akiba, mpaka zikafika shilingi 50,000. Tulikuwa tumekubaliana kuwa hizo ni za viatu na madaftari.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha akanijia akasema, "Mjomba, naomba ile akiba yangu."

Nikamwuliza, "Dukani kumefika viatu?"

Akainamisha uso, akasema, "Si ya viatu tena, mjomba. Ni ya upinde."

Sikumgombeza. Mwanafunzi aliyesema kweli hafai kugombezwa, la sivyo mara ya pili atasema uwongo. Nikamwambia anieleze upinde huo kama anavyonieleza somo, tangu alifu mpaka yee, nami nitauliza maswali. Basi tukakaa penye jiko la mkaa na ubao wangu mdogo wa chuo, naye akaanza. Katika maelezo yake nikaona kuwa mpiga mishale, awe wa simu au wa nyika, hana budi kuuchagua upinde wake kwa vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni mkono. Kijana alinionyesha upinde mmoja uitwao Amos, ambao huhesabiwa miongoni mwa pinde za nyota 5, yaani daraja ya juu kabisa. Nguvu yake ikikamilika ni 608. Kisha akanionyesha upinde mwingine, Prototype Crescent, wa nyota 4, ambao nguvu yake ikikamilika ni 510. Akasema, "Unaona, mjomba, ule wa kwanza ni bora." Nikamwuliza, "Ukiutia mkononi leo, siku ya kwanza, una nguvu ngapi?" Akatazama, akasema, "46." "Na huu wa pili?" "42."

Hapo nikaandika hesabu ubaoni. Siku ya kwanza upinde wa tamaa waupita upinde mwingine kwa 4 tu. Ili ufike 608 sharti ukuzwe tangu daraja ya 1 mpaka ya 90, kwa madini na vitu ambavyo mchezaji huvikusanya kwa siku nyingi. Basi kijana mwenye upinde wa nyota 4 alioukuza mpaka mwisho ana 510, na mwenye upinde wa nyota 5 alioupata jana ana 46. Ni nani kati yao mwenye upinde wenye nguvu? Mtoto akatabasamu kidogo, maana jibu lilikuwa limeandikwa mbele yake.

Hivi ndivyo ilivyo hata katika upinde wa mti. Kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi yetu, wanaishi Wahadzabe, ambao wawinda kwa pinde mpaka leo. Upinde wa mtu mzima kwao huhitaji nguvu ya kilo 30 hivi ili uvutwe sawasawa, na upote wake hufanywa kwa kano za wanyama. Lakini mtoto wa Kihadzabe hapewi upinde wa baba yake. Hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka 3 hivi, akapiga ndege na panya, na kadiri mkono unavyokua ndivyo upinde nao unavyobadilishwa. Huko Kenya, katika nyika ya Tsavo, Wawaata waliokuwa wakiwinda tembo zamani walijulikana kwa pinde nzito mno, ambazo baadhi yake zilihitaji nguvu ya kilo 45 na zaidi. Mgeni angaliweza kuununua upinde kama huo, kuuvuta asingaliweza. Upinde uliozidi mkono hutetemesha bega, na bega likitetemeka shabaha imepotea, japokuwa upinde ni wa mfalme.

Kipimo cha pili ni umbali. Hapa mchezo huu ulinistaajabisha, maana waliouunda walifikiri vyema. Upinde wa Amos humzidishia nguvu yule apigaye kutoka mbali: kila sehemu ya kumi ya sekunde mshale ukaayo hewani, pigo laongezeka kwa asilimia 8, mpaka mara 5. Upo upinde mwingine duni, wa nyota 3, ambao jina lake maana yake ni manati. Huo ni kinyume chake: mshale ukifika kabla ya kupita sehemu 3 za kumi za sekunde, pigo laongezeka kwa asilimia 36, na ukichelewa, lapungua kwa asilimia 10. Kwa hiyo mpiga mishale apendaye kusimama karibu na adui, akanunua upinde wa mbali kwa fahari ya nyota zake, amenunua kitu ambacho hatakitumia.

Mpiga mishale kazi yake ni ya mbali, na mahali pake ni sehemu ya silaha yake. Sisi Waislamu tunalijua somo hili tangu Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, sawa na mwaka 625. Mtume, sala na amani zimshukie, aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote. Pinde zao hazikuwa na kasoro, wala mikono yao. Walipoona adui amekimbia na ngawira imetapakaa, wengi wakashuka kilimani. Na wapanda farasi wa Makureshi wakazunguka nyuma. Yaliyofuata mnayajua. Tamaa ya kile kilichong'aa bondeni iliwatoa mahali ambapo pinde zao zilikuwa na maana.

Kipimo cha tatu ni mwendo wa kazi. Wapo wapiga mishale wa kurusha upesi upesi, na wapo wa kuvuta, kulenga, kisha kuachia. Vijana wengi hutazama namba kubwa ya pigo moja tu. Niliandika ubaoni mfano wangu mwenyewe: upinde mmoja wapiga 90 kila baada ya sekunde 3, na wa pili wapiga 40 kila sekunde. Ni upi mkali? Kijana akajibu upesi, "Wa 90." Nikamwambia agawanye. Akagawanya, akaona wa kwanza ni 30 kwa sekunde na wa pili ni 40. Walakini nikamwonya asidhani kuwa jambo limekwisha hapo. Adui akiwa ni mmoja tena yuko mbali na hajakuona, pigo moja la 90 lafaa kuliko mapigo mawili ya 40. Hesabu hukufikisha mlangoni. Kuingia ndani sharti ujue kazi unayokwenda kuifanya.

Sasa kumbukeni ule upinde wa nyota 4. Huo hutolewa kwa mfua chuma. Mchezaji huchimba madini, humshinda adui mkubwa apate kipande kinachohitajika, kisha huufua. Tabia yake ni kwamba mpiga mishale akilenga vizuri akapiga pale penye udhaifu wa adui, nguvu yake yaongezeka kwa asilimia 36 kwa muda wa sekunde 10. Maana yake, humlipa mwenye shabaha. Asiyelenga haumpi kitu. Nikamwuliza mpwa wangu, "Upinde huu wauzwa bei gani?" Akasema, "Hauuzwi, mjomba. Wafuliwa tu." "Na ule wa nyota 5?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ule hauuzwi pia. Wapigiwa bahati."

Hapo ndipo kilipokuwa kiini cha mambo, na ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize.

Pinde za nyota 5 katika mchezo huu kwa kawaida hazipatikani kwa kuchagua. Mchezaji hutoa kitu mfano wa tiketi, kisha husubiri kitakachotoka. Tiketi nyingine hupewa bure kwa kucheza; akizimaliza, aweza kununua. Kwa vifurushi vikubwa kabisa tiketi moja hukaribia dola 2, na kwa vidogo huzidi. Mchezo wenyewe watangaza kuwa katika fungu la silaha, nafasi ya kupata silaha ya nyota 5 ni asilimia 0.7, yaani mara 7 katika 1,000; na kuwa asiyepata kabisa atapewa ifikapo tiketi ya 80. Hata hivyo silaha itakayotoka si lazima iwe ile aliyoitaka. Yaweza kuwa upanga au mkuki, hali mtu ana mpiga mishale.

Fedha za mpwa wangu hazingetosha hata tiketi 15. Tukapiga hesabu ya tiketi 10: nafasi ya kupata walau silaha moja ya nyota 5 ni kama mara 7 katika 100. Nikamwuliza, "Ungaliambiwa kuwa katika madrasa 100, 7 tu zina mwalimu na 93 zina mlango uliofungwa, ungalilipa ada kabla ya kuuliza?" Akacheka.

Lakini kijana huyu ana akili, naye akatoa hoja yake, nami naiandika kwa uaminifu. Alisema, "Mjomba, hii si kamari. Siwezi kushinda fedha, na kila tiketi hutoa kitu, japokuwa upinde mdogo." Ni kweli kwamba kila tiketi hutoa kitu. Nikamwambia, "Nikikuletea gunia la viazi lililoshonwa, nikasema huenda mna viazi na huenda mna mawe, nawe ulipe bei ya viazi kabla ya kulifungua, je, utasema hukupunjwa kwa sababu ulipata mawe?" Biashara ya kitu kisichojulikana twaiita gharari, na wanazuoni wetu wameieleza tangu zamani.

Sikusudii kutoa fatwa; hiyo ni kazi ya wenye elimu kuliko mimi. Nasema tu kuwa mfano wake ni wa kale. Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na mchezo ulioitwa maisiri. Wafasiri wanasimulia kuwa ngamia alichinjwa, kisha mishale 10 ikatiwa mfukoni. Saba ilikuwa na mafungu ya nyama, tangu fungu 1 mpaka mafungu 7, na mitatu ilikuwa mitupu. Mtu mmoja aliingiza mkono akatoa mshale kwa jina la kila mshindani. Aliyetokewa na mshale mtupu hakupata nyama, na zaidi ya hayo alilipa bei ya ngamia. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, ilituharamishia maisiri, na katika aya hiyo hiyo ikataja mishale ya kupigia ramli.

Tazameni sasa hekima iliyopo. Kutupa mishale kwa shabaha kumesifiwa katika dini yetu. Mtume alipata kuwapitia watu wakishindana kutupa mishale, akawahimiza waendelee. Na wanazuoni wameruhusu hata tuzo katika mashindano ya mishale, kama ilivyo katika farasi na ngamia. Mshale ni ule ule, wa mti ule ule. Ukiutia katika upinde ukalenga, huo ni ustadi, na tuzo yake ni halali. Ukiutia katika mfuko ukaingiza mkono hali huoni, hiyo ni maisiri. Kilichotofautisha ni kama mkono uliotenda ulikuwa na macho au haukuwa nayo.

Wala si Waislamu peke yao walioliona jambo hili. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya nchi ya Ubelgiji ilitamka kuwa visanduku vya bahati ndani ya baadhi ya michezo ya kompyuta vilivunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Na mwezi wa Januari 2025 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza mapatano na kampuni inayouza mchezo huu huu huko kwao: ilipe dola milioni 20, na isiwauzie visanduku hivyo walio chini ya miaka 16 bila ya ridhaa ya wazazi. Ikiwa serikali hizo zimeona haja ya kuwalinda watoto wao, sisi tulio na aya tangu karne 14 tunangoja nini?

Mpwa wangu hakufurahi usiku ule, wala sitaki kuwadanganya kuwa alifurahi. Alilala kimya. Fedha zilikuwa zake, kwa jasho lake, nami nilimwambia hivyo. Nikamwahidi kuwa akizitaka asubuhi nitampa. Asubuhi alikwenda kubeba viazi kama kawaida. Baada ya siku nne akaja akaniomba shilingi 35,000, akarudi na viatu. Ama ule upinde wa nyota 4, aliufua mwenyewe, na kwa siku kadhaa nilimwona akijifunza kulenga. Alinionyesha jinsi mshale unavyopinda ukienda mbali, hata ikampasa alenge juu ya adui. Nami nikapata nafasi ya kumweleza kwa nini kila kitu kitupwacho hewani hurudi chini.

Kwa hiyo, enyi vijana, sikukatazeni kupumzika, maadamu sala na masomo vimepewa haki yake. Lakini mkitaka upinde, upimeni kwa mkono wenu, kwa umbali mtakaosimama, na kwa kazi mtakayoifanya. Msioneane wivu kwa nyota za silaha ambayo mwenzenu hakuichagua. Upinde mdogo uliokuzwa kwa subira hushinda upinde mkubwa ulioingia jana.

Na ninyi wazazi, msiishie kusema, "Tupa simu hiyo." Kaeni na mtoto, mwulizeni ni kitu gani anunuacho, bei yake ni ngapi, na kama akionacho kabla ya kulipa ndicho atakachopewa baada ya kulipa. Swali hili la mwisho latosha kutenganisha biashara na bahati nasibu, katika simu na hata sokoni. Kadhalika msiunganishe simu ya mtoto na fedha zenu za mtandao bila kujua, maana kidole cha mtoto hakijui thamani ya jasho la mtu mzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu macho ya kulenga, mikono ya kufanya kazi, na nyoyo zinazotosheka na halali. Amin.